Bahari ya Kifuu: Maji ya Kuigiza Katika Historia ya Filamu

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii hutumiwa aghalabu kumliwaza mnyonge, au kumkumbusha mwenye makuu kwamba ukubwa wa jambo hutegemea ukubwa wa yule alitazamaye. Lakini iko kazi moja duniani ambayo kwayo methali hii si fumbo hata kidogo, bali ni taabu ya kila siku. Ni kazi ya mafundi wa filamu waundao merikebu yenye urefu wa meza, wakaitia katika hodhi, kisha wakataka mtazamaji aliyeketi gizani aone bahari kuu. Fundi anacho kifuu chake cha maji. Mtazamaji wake si chungu. Sanaa iliyozaliwa baina ya mambo hayo mawili imekwisha kupita umri wa miaka 120, na katika muda huo imejaribu maji ya kweli, jelatini, mwani uliochemshwa, moshi, karatasi za plastiki, hesabu za kompyuta, na mwisho utomvu mwangavu ugandao kama kioo.

Shina la taabu ni hili. Takriban kila kitu kingine hukubali kupunguzwa. Mbao za sitaha huweza kuchongwa nyembamba kama njiti. Kamba za mlingoti huweza kusokotwa kwa uzi. Kutu ya ubavuni huweza kupakwa kwa brashi yenye unywele mmoja. Maji hayakubali. Yana ngozi yake, yaani ule mvuto wa usoni unaoyafanya yajikusanye kuwa tone, na ukubwa wa tone hauulizi ukubwa wa merikebu. Tone lenye upana wa milimita 4 likirukia ubavu wa merikebu iliyopunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 16, huonekana katika picha kana kwamba lina upana wa milimita 64, sawa na chungwa. Hakuna bahari irushayo machungwa. Mtazamaji huenda asijue sababu, wala asiweze kuitaja, lakini jicho lake limeona mvua na bahari tangu utotoni, nalo husema mara moja kwamba huu ni mchezo wa bakuli. Povu nalo husaliti vivyo hivyo, kwa kuwa mapovu ya hodhi ni makubwa mno na hupasuka upesi mno.

Mafundi wa kwanza hawakuwa na nafasi ya kuyafikiri haya, maana walikuwa na haraka ya biashara. Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania, na watu wa New York walitaka kuona vita hivyo kwa macho yao. Manowari za Hispania ziliteketezwa Manila tarehe 1 Mei na Santiago de Cuba tarehe 3 Julai. Picha hai za mapigano ya baharini hazikuwapo. Albert E. Smith na J. Stuart Blackton, waanzilishi wa kampuni ya Vitagraph, waliziunda wenyewe. Kwa masimulizi ya Smith, katika kitabu alichokitoa mwaka 1952, walinunua picha za manowari zilizokuwa zikiuzwa mitaani, wakazikata kufuata umbo la vyombo, wakazipigilia juu ya vipande vya ubao na kuvieleza katika maji yenye kina cha inchi moja. Chembe za baruti ziliwekwa nyuma ya minara, uzi ukavuta vyombo, na moshi wa sigara ukapulizwa mbele ya kamera ili ufanane na moshi wa mizinga. Masimulizi ya mzee akumbukaye mambo ya nusu karne hayana budi kupimwa kabla ya kumezwa, na wanahistoria wameyatilia shaka baadhi ya maelezo yake. Hata hivyo Smith na Blackton hawakuwa peke yao. Katika mji wa Waukegan, jimbo la Illinois, Edward Amet naye alipiga mapigano hayo kwa merikebu za mfano ndani ya hodhi. Na huko Ufaransa Georges Méliès aliyaonyesha mabaki ya manowari Maine chini ya bahari kwa kuweka chombo cha kioo chenye maji na samaki baina ya kamera na mandhari yake ya kuchora.

Watazamaji wengi waliamini. Jambo hili halifai kupitwa kwa kicheko, ingawa vitabu vya historia ya filamu hupenda kulisimulia kama kichekesho. Aliyelipa senti zake aliambiwa kwamba aonacho ni vita vyenyewe, vilivyoua watu. Moshi wa sigara ulisimama mahali pa moshi uliofunika maiti. Picha za wakati ule zilikuwa hafifu, zikitetemeka na kujaa mikwaruzo, na uhafifu huo ndio uliolificha tone kubwa la maji. Kwa maneno mengine, ulaghai wa 1898 haukufaulu kwa ustadi wa mafundi bali kwa upungufu wa chombo chao. Kadiri lenzi zilivyozidi kuwa kali ndivyo maji yalivyozidi kusema kweli, na mafundi wakalazimika kujifunza kazi yao upya.

Mwaka 1923 Cecil B. DeMille alipotoa filamu yake ya Amri Kumi, alihitaji Bahari ya Shamu ipasuke na Wana wa Israeli wapite. Roy Pomeroy na wenziwe waliacha maji wakashika jelatini, kile kitu kitetemekacho ambacho hupikwa kuwa kitamutamu cha watoto. Pande kubwa la jelatini lilikatwa katikati, likatiwa moto hadi likaanza kuyeyuka, maji yakitiririka juu ya kuta zake. Kisha filamu ikaendeshwa kinyumenyume, na kile kilichokuwa kikiyeyuka na kuungana kikaonekana kupasuka na kusimama wima. Kuta zile hutetemeka kidogo na kumetameta kwa ndani, na hadi leo zavutia kuzitazama. Hapo ndipo lilipodhihiri jambo ambalo mafundi wa utomvu walikuja kulirithi: kwamba yawezekana maji ya kuigiza yakafanana na maji kuliko maji yenyewe, mradi kitu kilichochaguliwa kiwe chaangaza na kisiwe na haraka ya kukimbia. DeMille alipoirudia hadithi hiyo mwaka 1956, John Fulton alirudi kwenye maji ya kweli, akayamwaga kwa wingi katika hodhi kubwa na kuigeuza filamu nyuma mbele, akapata tuzo ya Oscar. Kazi yake ni kubwa na ya kutisha zaidi. Ile ya jelatini, hata hivyo, ina akili zaidi.

Wakati huohuo hesabu iliyowafaa mafundi wa hodhi ilikuwa imekwisha kupatikana zamani, kabla filamu haijazaliwa, na kwa sababu isiyohusiana na michezo. William Froude, mhandisi wa Kiingereza, alitaka kujua jinsi merikebu kubwa itakavyokwenda baharini bila kugharimia kuiunda kwanza. Mwaka 1867 aliburura majini mifano miwili aliyoiita Swan na Raven, kila mmoja kwa ukubwa wa namna tatu, futi 3, futi 6 na futi 12. Na kufikia mwaka 1872 alikuwa na hodhi lake huko Torquay, lililojengwa kwa fedha za wizara ya bahari, ambamo alijaribu mifano iliyochongwa kwa nta. Aligundua kwamba mawimbi ya merikebu ndogo hufanana na mawimbi ya merikebu kubwa iwapo mwendo wao utapimwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Ikiwa merikebu imepunguzwa mara 16, wimbi lake hupanda na kushuka mara 4 upesi kuliko wimbi la bahari. Basi dawa ya mpiga picha iko wazi. Tangu filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, desturi ni picha 24 kwa sekunde. Apigapo merikebu ya 1 kwa 16 azungushe kamera kwa picha 96 kwa sekunde, kisha aonyeshe kwa 24. Wimbi dogo lenye kiherehere hugeuka kuwa wimbi zito lipandalo kwa utulivu wa mlima. Kwa kipimo cha 1 kwa 25 yahitajiwa picha 120, na kwa 1 kwa 100 picha 240.

Dawa hiyo huponya mwendo tu, haiponyi tone. Tena ina gharama: picha ipigwayo mara nne upesi hupata robo ya nuru, na kwa hiyo hodhi huhitaji taa kali zaidi. Mafundi wakaongeza hila nyingine. Walitia sabuni majini ili kulegeza ile ngozi ya uso, wakaweka feni kubwa ili vilele vya mawimbi vivunjike kuwa rasharasha, wakatia rangi ili sakafu ya hodhi isionekane. Lakini hila iliyoshinda zote ilikuwa kuacha udogo wenyewe. Merikebu za mfano zikaanza kukua.

Titanic ndiyo ishuhudiayo vizuri zaidi kukua huko. Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 269. Filamu ya Marekani ya mwaka 1953 ilitumia mfano wa futi 28, kama mita 8 na nusu, ambao baadaye ulihifadhiwa katika makumbusho ya bahari mjini Fall River, Massachusetts. Filamu ya mwaka 1980 kuhusu kuiopoa merikebu hiyo kutoka chini ya bahari ilitaka mfano wa 1 kwa 16, urefu wa karibu mita 17, chombo ambacho kingeweza kuchukua abiria kama si kujengwa ili kizame. Hodhi la kuutosha mfano huo halikupatikana. Likachimbwa jipya katika kisiwa cha Malta, kando ya lile la mwaka 1964 ambalo ukingo wake hufurika kwa makusudi, hata maji ya hodhi na maji ya Mediterania nyuma yake yakaonekana kuwa upeo mmoja. Hodhi likakamilika, mfano ukazamishwa na kuibuliwa, maji yakitiririka sitahani kwa uzito wa kweli. Picha hizo ni nzuri mno. Filamu yenyewe haikuwa na kitu kingine, nayo ikaleta hasara kubwa. Ule mfano uliachwa nje kwa miaka mingi penye uwanja wa studio, ukaliwa na kutu, na watalii wa Kalkara wakaupita wasijue kama ni takataka au kumbukumbu. Wajerumani nao, walipopiga filamu ya nyambizi iitwayo Das Boot, iliyotoka mwaka 1981, waliunda mfano wa mita 11 na kuutia katika bahari yenyewe. Kifuu kilikuwa kimekwisha kuwa kikubwa hata kikahitaji nahodha.

Wajapani walifuata njia yao. Eiji Tsuburaya, fundi wa studio ya Toho, aliyaigiza mashambulizi ya Pearl Harbor katika filamu ya mwaka 1942 iliyotolewa ili kuadhimisha mwaka mmoja tangu mashambulizi hayo. Bandari nzima iliundwa kwa mifano, maji yakawa ya hodhi, mabomu yakawa ya baruti kidogo. Husimuliwa kwamba baada ya vita Wamarekani waliokuja kuitawala Japani walidhani baadhi ya picha hizo ni za kweli. Huenda hadithi hii imenenepa kwa kusimuliwa. Lisilo na shaka ni kwamba mwaka 1948 Tsuburaya alifukuzwa kazini kwa sababu ya filamu zake za wakati wa vita, akakaa kando kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi na kuiunda Godzilla ya mwaka 1954. Blackton na Smith walisifiwa kwa kudanganya. Tsuburaya aliadhibiwa kwa kudanganya vizuri, na kwa kuwa upande ulioshindwa. Hukumu mbili hizo zikiwekwa pamoja hazileti picha ya kupendeza ya jinsi ulimwengu upimavyo ukweli wa sanaa.

Tsuburaya aliacha pia fundisho la karakana. Bahari itazamwayo kutoka juu angani haionyeshi matone wala povu, bali mikunjo midogo iliyotulia kama ngozi ya tembo. Kwa picha za namna hiyo alitumia kanten, yaani ute wa mwani mwekundu uliochemshwa ukaganda, ambao Wazungu huuita agari. Mwani huo una udugu na ule ulimwao Unguja na Pemba, ingawa wa visiwani hutoa ute wa namna nyingine, utumiwao zaidi kuzitia uzito maziwa na dawa za meno. Kanten iliyomwagwa sakafuni na kukunjwa uso kabla ya kuganda ilikuwa bahari isiyokwenda popote, na meli ndogo zilipachikwa juu yake pamoja na njia zao nyeupe za povu. Kutoka jelatini ya 1923 hadi kanten ya Toho ni hatua moja, na hatua ifuatayo ni utomvu.

Wako waliokataa kabisa kuyafuata maji. Federico Fellini, katika Amarcord ya mwaka 1973 na tena katika filamu ya mwaka 1983 kuhusu merikebu ya waimbaji, alitandaza karatasi za plastiki katika studio ya Cinecittà, watu wakazitikisa kutoka pembeni, na wala hakutaka mtu yeyote adanganyike. Wapigao picha za nyambizi waligundua kwamba chini ya bahari maji hayaonekani. Kionekanacho ni ukungu tu. Kwa hiyo nyambizi za The Hunt for Red October, filamu ya mwaka 1990, zilining'inizwa kwa nyaya ndani ya moshi, bila tone moja la maji.

Mwaka 1997 mambo yaligeuka. James Cameron alikuwa na mfano wa Titanic wa 1 kwa 20, wenye urefu wa zaidi ya mita 13; lakini haukuelezwa katika hodhi. Ulipigwa picha mkavu, na bahari yake ikafanywa na kompyuta. Hapo ile hoja ya tone ilikwisha, kwa sababu tone la hesabu huwa na ukubwa wowote autakao mhesabu. Mahodhi yakaanza kukosa kazi. Lile kubwa la Toho, lililojengwa mwaka 1960, lilibomolewa mwaka 2004. Mafundi waliojua ni sabuni kiasi gani itiwe katika maji kiasi gani walistaafu, na wengi wao hawakuandika chochote.

Mifano yenyewe ilibaki, au baadhi yake. Hapa historia hii hubadili mkondo, maana kitu kilichoundwa ili kionekane kwa sekunde chache kutoka upande mmoja kilianza kutafutwa na watu waliotaka kukiweka sebuleni na kukizunguka. Ambaye hakuweza kuupata mfano wa asili aliunda wake mwenyewe, kwa vipimo alivyovitoa katika picha. Na merikebu ikikaa kabatini juu ya miguu miwili ya shaba huwa ni merikebu tu. Wapenzi wa filamu hawakutaka merikebu, walitaka tukio. Basi wakaingia katika sanaa ya diorama. Neno hilo ni la Louis Daguerre, aliyefungua jumba lake la maonyesho ya nuru na picha kubwa mjini Paris mwaka 1822, miaka mingi kabla hajajulikana kwa upigaji picha. Jumba liliungua mwaka 1839, neno likahamia kwenye mandhari ndogo au kubwa yenye vitu vya mchongo mbele na picha nyuma. Watu wa Afrika ya Mashariki wana sehemu yao katika historia hiyo bila kuulizwa: ukumbi wa wanyama wa Afrika uliobuniwa na Carl Akeley katika makumbusho ya New York, uliofunguliwa mwaka 1936, una twiga na wenzake wa kaskazini ya Kenya waliosimama kwenye kisima cha maji kisichokauka kiangazi wala masika.

Ili tukio la baharini lisimame juu ya meza, yahitajiwa maji yasiyomwagika, yasiyokauka, yasiyooza, na yaonekanayo hadi chini. Jelatini huoza na kanten hunywea. Waundaji wa zamani walitumia kioo, au plasta iliyopakwa rangi na vanishi tabaka juu ya tabaka. Kioo hakina wimbi, na plasta haina kina. Jibu lilitoka kwa wakemia.

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa utomvu mgumu mwangavu ni nini, kwa kuwa anaijua sandarusi. Karne ya 19 Unguja iliuza kwa wafanyabiashara wa Salem, Marekani, na wa Hamburg sandarusi iliyochimbwa ardhini katika mrima wa bara, mabaki ya misandarusi ya kale. Ikayeyushwa huko kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani, ikasifiwa kwa ugumu kuliko nyingine zote. Vipande vyake vingine vilikuwa na chungu au nzi ndani yake, mzima kama aliyekufa jana. Utomvu wa viwandani hutenda vivyo hivyo, ila haungoji karne. Poliesta ngumu ilipata matumizi makubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilipochanganywa na nyuzi za kioo. Epoksi ilitokana na kazi ya Pierre Castan wa Uswisi, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa akitafuta kitu cha kuundia meno ya bandia, na ya Sylvan Greenlee wa Marekani. Baada ya vita ikauzwa kwanza kama gundi na rangi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akifikiria bahari.

Kila kimoja kina tabia yake, na waundaji walijifunza tabia hizo kwa hasara. Poliesta hunuka vikali, hunywea igandapo, na huyeyusha plastiki ya polistirini, ambayo ndiyo mifano mingi ya viwandani huundwa nayo, pamoja na lile povu jeupe litumiwalo kuchongea miamba na pwani. Mtu aliyekaa miezi sita akiunda manowari huimwagia bahari yake jioni, na asubuhi huikuta imelainika kama mshumaa. Kwa hiyo kila kitu sharti kipakwe kinga kwanza. Epoksi haina ukali huo kwa plastiki, lakini vimiminiko vyake viwili hutaka kupimwa kwa uaminifu. Azidishaye kigumishi akidhani ataharakisha kazi hupata bahari inatayo milele. Pia epoksi hutoa joto inapoganda, na kadiri inavyomwagwa nyingi kwa mara moja ndivyo joto linavyojilimbikiza, hata utomvu ukapasuka, ukafuka moshi, au ukaupinda mfano. Ndiyo maana bahari ya diorama hujengwa kwa tabaka za milimita chache chache, ingawa siku hizi huuzwa aina igandayo polepole ambayo huvumilia sentimita 5 kwa mmwago mmoja. Ubao usiozibwa hupumua viputo vya hewa, vikanaswa ndani. Unyevu wa hewa nao huacha juu ya epoksi nyingine utando mweupe wa mafuta, jambo ambalo fundi wa Mombasa au Unguja atalikuta masika yote, na mwenziwe wa Nairobi atalisikia tu. Avaaye glavu na kufungua madirisha hafanyi uoga. Ngozi iliyokwisha kuikataa epoksi mara moja huikataa daima.

Kina hudai hila ya pekee. Nuru hupinda iingiapo majini, na kwa hiyo maji ya sentimita 12 yakitazamwa kutoka juu huonekana kuwa na sentimita 9. Epoksi huipinda nuru zaidi ya maji, na kina hicho hicho hakitaonekana kufika hata sentimita 8. Utomvu hupunguza bahari ambayo tayari imepunguzwa. Fundi hulirudisha lililoibwa kwa rangi: sakafu ya kisanduku hupakwa nyeusi au buluu iliyokolea katikati na kufifia kuelekea pwani, na tone la rangi hutiwa katika tabaka za chini peke yake, za juu zikiachwa nyeupe. Mawimbi hayafanywi na utomvu wenyewe, kwa kuwa utomvu, kama kimiminiko chochote, hujisawazisha kabla ya kuganda. Huongezwa baadaye kwa ute wa akriliki ukaushwao angani, ukivutwa kwa brashi ngumu, na vilele hupakwa rangi nyeupe kidogo sana. Wanaoanza hupaka nyingi.

Wako wasemao kwamba diorama ya utomvu ni kaburi la filamu, kwa kuwa imeondoa mwendo, na pasipo mwendo hakuna filamu. Neno hilo lina nguvu, lakini limesahau kilichokuwa kikiwasumbua mafundi tangu 1898. Lililowashinda ni tone, na tone ni mwana wa mwendo. Hakuna rasharasha pasipo kwenda. Maji yaliyonaswa katika utomvu hayana tone la kuyasaliti, kwa hiyo huweza kuwa ya 1 kwa 16, au 1 kwa 400, na jicho lisilalamike. Kosa lake liko kwingine, nalo ni la wakati. Epoksi iwekwayo penye jua hushambuliwa na miali ya urujuanimno, ikageuka manjano mwaka baada ya mwaka, hata Atlantiki ikawa rangi ya chai. Vizuizi vitiwavyo viwandani huchelewesha, havizuii. Wala bahari hiyo haiwezi kubadilishwa, maana ubavu wa merikebu umeshikwa ndani yake kama chungu katika sandarusi. Aivunjaye huvunja vyote viwili. Mfano wa Malta, pamoja na kutu yake, ungeweza kukwanguliwa na kupakwa upya.

Miongoni mwa matukio yaundwayo zaidi ni lile la usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, kabla Titanic haijaugusa mlima wa barafu. Katika mahodhi ya studio usiku huo ulikuwa mgumu kupigwa, kwa sababu watu waliookoka walishuhudia kwamba bahari ilikuwa shwari kupita kiasi, kama kioo, na hodhi lenye watu, nyaya na mashine halitulii hivyo. Charles Lightoller, ofisa mkubwa kuliko wote waliookoka, aliwaambia waliochunguza ajali kwamba utulivu huo ni mojawapo ya mambo yaliyowaangamiza, kwani hapakuwa na mawimbi ya kupasukia miguuni pa barafu na kuwaonya walinzi wa zamu. Kwa utomvu, bahari hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Humwagwa nyeusi, katika kisanduku kilichopimwa kwa timazi ya maji, huachwa ijisawazishe yenyewe, na baada ya hapo fundi hana kazi nyingine ila kukifunika kisanduku kwa saa 24 ili vumbi lisianguke.